Kukabidhiana Funguo Unaponunua Nyumba

Wakulima wengi wa skimu wana nyumba moja shambani, na sasa wanatafuta ya pili. Mmoja anataka nyumba karibu na mji ili watoto wapate shule bila kulala njiani. Mwingine amezeeka, amewagawia vijana wake shamba, naye anataka mahali padogo karibu na hospitali. Mwingine anataka nyumba ya kupangisha. Pesa za maziwa, za mahindi au za mkopo wa Sacco zimepatikana, muuzaji amepatikana, na bei imekubaliwa. Linalobaki mwishoni, ambalo watu hulidhani kuwa jambo dogo kabisa, ni funguo.

Si jambo dogo. Mtu akishika funguo za nyumba, yeye ndiye anayeikalia, na kumtoa ndani ni kazi ndefu. Sheria ya Ardhi ya 2012, kama ilivyorekebishwa 2016, husema kwamba mwenye ardhi ya binafsi hawezi kumfukuza hivi hivi mtu anayeikalia bila haki. Ni lazima kwanza ampe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na yule mtu aweza kwenda mahakamani kuipinga. Sheria hiyo yamlinda mnyonge, nayo ni nzuri. Lakini ifikirie ukiwa wewe ndiwe mnunuzi. Umelipa bei yote, na muuzaji bado analala katika chumba chake na kukuambia, "Ngoja kidogo, mzee, tunatafuta lori." Kisha ifikirie ukiwa muuzaji. Umempa mtu funguo kwa malipo ya kwanza tu, ameingia na jamaa yake yote, amepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, na salio halionekani.

Kwa hiyo shauri la funguo lapasa kupangwa siku ile ile mnapoandika mapatano, wala si siku mizigo inapofika mlangoni.

Mapatano yasemeje juu ya funguo

Mapatano ya kununua ardhi au nyumba hayana nguvu mahakamani kama hayakuandikwa. Sheria ya Mikataba yataka yaandikwe, yatiwe sahihi na kila upande, na sahihi hizo zishuhudiwe. Kuongea mbele ya wazee na kupeana mkono ni desturi njema, lakini usiache mambo hapo.

Kwa kawaida ya mawakili wa Kenya, mnunuzi hulipa sehemu moja katika kumi ya bei anapotia sahihi, na salio hulipwa siku ya kukamilisha, ambayo mara nyingi huwekwa siku 90 baadaye. Siku hiyo ya kukamilisha ndiyo siku ya kawaida ya funguo. Muuzaji hutoa hati ya ardhi, fomu ya kuhamisha iliyotiwa sahihi, vibali vyote na funguo. Mnunuzi hutoa salio. Kila mmoja anatoa huku akipokea, wala hakuna anayetangulia kwa kumwamini mwenzake tu.

Pia kuna njia nyingine mbili. Kama unanunua kwa mkopo wa benki au wa Sacco, mkopeshaji hatatoa pesa mpaka ardhi iandikwe kwa jina lako na rehani yake iandikwe juu yake. Hapo muuzaji anatoa hati kabla hajaona pesa, na analindwa na barua ya ahadi ya benki au ya wakili wa benki. Basi ana haki ya kubaki na funguo mpaka pesa ziingie, nawe usimwone mtu mbaya kwa hilo. Njia ya pili ni mnunuzi kuingia mapema, baada ya malipo ya kwanza tu. Hii ndiyo inayoleta kesi nyingi. Ikiwa hapana budi kuingia mapema, pengine kwa sababu shule zinafunguliwa, mapatano yaseme wazi: unaingia kwa ruhusa tu, utalipa kiasi gani kwa mwezi, usibomoe wala usijenge kitu, na kama ununuzi ukivunjika utatoka tarehe gani.

Andika katika mapatano kwamba nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu. Neno "tupu" lina maana kubwa kuliko vyumba visivyo na viti. Maana yake hamna mpangaji, hamna ndugu wa muuzaji katika chumba cha nyuma, hamna mfanyakazi katika kibanda cha ng'ombe, wala magunia yake stoo. Huyu mfanyakazi husahauliwa sana. Mara nyingi amekaa pale miaka, na anadai mishahara ya miezi kadhaa. Hawezi kuondoka kabla hajalipwa, na kusema kweli hana kosa. Ulizia habari zake mapema, na mapatano yaseme kwamba muuzaji atamlipa haki yake yote kabla ya siku ya funguo.

Ikiwa nyumba ina chumba cha duka upande wa barabara na ndani yake mna mpangaji, jua kwamba sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli yamlinda. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, kwa kawaida haondolewi bila notisi ya miezi miwili au zaidi katika fomu ya sheria, naye aweza kuipeleka notisi hiyo mbele ya baraza la wapangaji. Muuzaji akikuambia, "Huyo nitamwambia tu," usikubali. Ama amtoe kwa sheria kabla ya siku yenyewe, ama umnunue pamoja na nyumba, yaani ujue kodi yake, ujue amelipa mpaka mwezi gani, na amana yake ikabidhiwe kwako.

Anayekupa funguo ni nani?

Hapa ndipo tunapotaka usome polepole, maana habari hii inazihusu skimu kuliko mahali pengine.

Tangu skimu za kwanza zilipoanza kugawiwa 1962, zaidi ya miaka sitini imepita. Wengi waliopewa ploti kule Kinangop, Ol Kalou, Lugari na kwingineko wamekwisha kufariki, na hati, kama ilitolewa, bado ina jina la mzee. Kijana wake anakaa katika nyumba, anakama ng'ombe, anajulikana na kila mtu kuwa mwenye boma. Anazo funguo mfukoni. Lakini kuwa na funguo si kuwa na haki ya kuuza.

Sheria ya Urithi yasema kwamba ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mali na kuthibitisha uteuzi huo. Mtu akiuza kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Wewe uliyelipa utabaki na funguo mkononi na dada za muuzaji mlangoni, kila mmoja akitaka sehemu yake, na mahakama itawasikiliza wao. Kwa hiyo, jina lililo katika hati likiwa la marehemu, taka kuona karatasi ya mahakama iliyothibitishwa. Soma majina ya warithi wote yaliyomo na sehemu aliyopewa kila mmoja. Kama hakuna karatasi hiyo, usilipe hata shilingi moja ya "kushikilia".

Kama mwenye hati yu hai, taka kujua kama ana mke au mume. Nyumba ambamo watu wa ndoa wanakaa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Akiwa na wake zaidi ya mmoja, mwulize wakili ni nani anapaswa kutia sahihi. Bibi asiyejua habari ya kuuza, anayesikia mara ya kwanza siku mnunuzi anapokuja kuchukua funguo, atakaa ndani na kufunga mlango, na sheria itakuwa upande wake.

Kisha fanya utafutaji rasmi katika ofisi ya Msajili wa Ardhi ya mahali pale. Katika sehemu ambazo rekodi zimekwisha kuingizwa, utafutaji hufanywa kwa mtandao wa Ardhisasa ulioanzishwa 2021. Utapata kuona jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna rehani au zuio. Nyumba ikiwa katika ploti ya skimu, angalia sana kama deni la settlement limelipwa na rehani yake imeondolewa. Wako watu waliomaliza deni zamani lakini hawakwenda kuchukua hati ya kuondoa rehani, na kwenye daftari ardhi bado imefungwa. Sheria ya Ardhi imeweka pia masharti ya pekee juu ya kuhamisha ardhi ya skimu. Basi kabla ya kuandika mapatano ya ploti ya namna hiyo, nenda kwanza kwa afisa wa settlement wa kaunti yako na namba ya ploti, umwulize kama yaweza kuuzwa, na kwa njia gani.

Bodi ya Ardhi na funguo

Nyumba iliyo ndani ya manispaa au mji haihitaji kibali cha Bodi ya Kusimamia Ardhi. Lakini nyumba nyingi zilizo karibu na masoko yetu madogo, hata zikiwa na umeme na geti la chuma, zimejengwa juu ya ardhi ambayo bado ni ya kilimo. Mabati na saruji havibadilishi jambo hilo. Ardhi ya kilimo ikiuzwa, Sheria ya Kusimamia Ardhi, ambayo imekuwa ikitumika tangu 1967, yataka ombi lipelekwe mbele ya Bodi katika muda wa miezi sita tangu kufanya mapatano. Mahakama yaweza kuongeza muda huo kwa sababu ya haki. Bodi ikikataa, au ombi lisipopelekwa kabisa, mapatano ni bure.

Wengine husema, "Bodi tutakwenda baadaye, wewe chukua funguo uingie." Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mtu anayelipa au kupokea pesa, au anayeingia na kukaa katika ardhi kwa ajili ya mapatano yaliyokwisha kuwa bure, anafanya kosa na aweza kutozwa faini au kufungwa. Pesa zako unaweza kuzidai kama deni, lakini choo ulichochimba na ua uliojenga? Ni kweli mahakama zimepata kuwatetea wanunuzi waliolipa bei yote na kuachiwa kukaa miaka mingi bila kibali. Kesi hizo ziliwachukua watu miaka mingi na pesa nyingi, na majaji hawakukubaliana siku zote. Kungojea Bodi ikae ni rahisi zaidi.

Vitu vinavyobaki na vitu vinavyoondoka

Nyumba ya mkulima haiuzwi peke yake. Kuna tangi la maji, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, sahani za jua juu ya paa, mtambo wa biogesi, waya wa ua, miti ya mkaratusi. Kwa kanuni, kilichoshikamana na ardhi kinakwenda pamoja na ardhi. Lakini tangi la plastiki lililokaa juu ya jukwaa la mbao limeshikamana au halikushikamana? Watu wamegombana mpaka kwa chifu kwa ajili ya tangi. Pitieni boma lote pamoja kabla ya kutia sahihi, mwandike kila kitu: hiki chabaki, hiki chaondoka.

Mazao yaliyo shambani yaandikwe pia. Kule Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba hivi. Ukipokea funguo mwezi wa Agosti, je, hayo mahindi ni ya nani? Kama ni ya muuzaji, yaandikwe ataingia siku gani kuvuna, kwa njia gani, na mwisho wake tarehe gani, tena kwamba ruhusa hiyo ni ya kuvuna tu, si ya kupanda tena. Na kama kuna makaburi ya jamaa ya muuzaji katika ploti, msione haya kulitaja. Semeni yatazungushiwa ua au la, na jamaa watakuja kuyazuru namna gani. Jambo hili lisiposemwa mwanzoni huleta uchungu baadaye hata kati ya watu wema.

Mwulize wakili pia habari ya hasara. Nyumba ikiungua kati ya mapatano na siku ya funguo, nani ataibeba? Iandikwe.

Siku yenyewe

Fanya siku ya funguo iwe mchana, na iwe siku ya kazi, ili benki na ofisi ya wakili ziwe wazi. Usikubali kupokea funguo usiku, wala kwa mtu aliyetumwa bila barua. Nenda na shahidi mmoja wako, na muuzaji awe na wake. Mzee wa kijiji au chifu msaidizi akikubali kufika, ni vizuri, maana atakujua tangu siku hiyo. Lakini yeye hawezi kuwa badala ya wakili wala ya Msajili.

Asubuhi, kabla salio halijatoka, rudi ukaiangalie nyumba. Fungua kila mlango mwenyewe. Washa taa. Fungua mifereji yote ya maji. Tembea mpaka kwenye mawe ya mpaka uone kwamba hayajasogezwa. Ukiwa na shaka, mpimaji wa ardhi awe alikwisha kuyaonyesha zamani, si siku hiyo. Ukikuta milango imeng'olewa, na hilo hutokea, au mtu yumo chumbani, mpigie wakili wako simu kwanza asitoe pesa.

Mambo yakiwa sawa, pesa zitoke kwa njia ya benki au ya wakili, kamwe si noti katika mfuko wa nailoni. Kabla ya hapo uwe umekwisha kuhakikisha kwa Chama cha Wanasheria kwamba huyo wakili ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu. Pesa zikionekana, ndipo funguo zihesabiwe. Zijaribu zote, mmoja mmoja, mbele ya watu: mlango wa mbele, wa jikoni, kila chumba, stoo, choo, kufuli la geti, kufuli la tangi, kisanduku cha mita. Taka na funguo za akiba. Kisha someni mita ya umeme na ya maji pamoja. Mita ya umeme ikiwa ya tokeni, andika namba yake na uniti zilizobaki, na muuzaji aonyeshe kwamba haina deni la zamani kwa kampuni ya umeme. Piga picha ya mita kwa simu.

Yote hayo yaandikwe katika karatasi moja, nakala mbili. Maneno kama haya yanatosha, nawe jaza nafasi:

"Leo tarehe ……, saa ……, mimi ……, mwenye kitambulisho namba ……, nimemkabidhi ……, mwenye kitambulisho namba ……, nyumba iliyo katika ploti namba ……, kwa sababu amelipa bei yote kama mapatano ya tarehe …… yasemavyo. Funguo alizopokea ni hizi: …… Jumla ni …… Sikubaki na ufunguo wo wote. Mita ya umeme namba …… yasoma ……, ya maji yasoma …… Bili zote mpaka leo ni zangu, kuanzia kesho ni zake. Nyumba ni tupu, hamna mtu wala mali yangu, isipokuwa …… nitakayoiondoa kabla ya tarehe …… Sahihi zetu na za mashahidi wetu ni hizi chini."

Karatasi hii haihamishi ardhi. Hati ndiyo inayohamisha, na hati haitabadilika jina mpaka fomu za kuhamisha ziandikishwe kwa Msajili na ushuru wa stempu ulipwe. Ushuru huo ni asilimia 4 ya thamani katika manispaa, na asilimia 2 nje yake, na ni wa mnunuzi. Usitumie pesa hizo kununulia mapazia. Wako watu walioishi katika nyumba zao kumi na miaka zaidi, funguo wanazo, na kwenye daftari la Serikali nyumba bado ni ya muuzaji. Naye muuzaji alipofariki, mambo yote ya urithi tuliyoyaeleza hapo juu yakaanza upya juu yao.

Jioni ile ile badilisha vitasa. Si kwa sababu muuzaji ni mwizi. Hujui fundi gani alichonga ufunguo wa akiba mwaka juzi, wala binamu gani alikuwa akilala pale. Ukikosa pesa za vitasa vyote, anza na mlango wa mbele, wa nyuma na kufuli la geti.

Katika wiki ile peleka nakala ya mapatano na ya kitambulisho kwa kampuni ya umeme na ya maji, jina la akaunti libadilishwe. Nenda na ofisi ya kaunti uone kwamba kodi ya ardhi imelipwa mpaka mwaka huu, kama vile cheti alichotoa muuzaji kinavyosema. Mali iliyobaki ya muuzaji, ikiwa tarehe mliyoiandika imepita na hakuja, usiiuze wala usiitupe nje. Mwandikie barua, weka nakala, umpe siku nyingine, na barua hiyo ionekane na chifu msaidizi. Karatasi ya funguo iweke pamoja na mapatano, risiti za benki na cheti cha Bodi katika bahasha moja, na nakala yake imwachie mtu mwingine mbali na nyumba hiyo.